Kwa nini jicho lililochubuka halisubiri kesho

MKULIMA wa Mwese anayechomwa jicho na jani la hindi huwa na mambo mawili ya kupima: maumivu, ambayo siku ya kwanza huvumilika, na umbali. Kata hiyo ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, iko katika nyanda za juu, na safari ya kwenda hospitali mjini Mpanda si ya kuanza jioni. Wengi huamua kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakopofusha, na tabia ya bakteria inasaidia kueleza sababu.

Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayeishi majini na udongoni, ni adui mkubwa wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Akiingia katika mchubuko hatumii silaha zake zote mara moja. Kila kijidudu hutoa kemikali ndogo, mithili ya salamu. Vikiwa vichache, salamu hupotea. Vikiongezeka, kemikali hufikia kiwango ambacho huvifanya vyote kwa pamoja vitengeneze vimeng'enya vya kuyeyusha konea na utando wa kuvikinga dhidi ya dawa. Konea inaweza kutoboka katika siku chache.

Tabia hii haikugunduliwa wodini. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walieleza jinsi bakteria wa baharini wanavyongoja kuwa wengi ndipo watoe mwanga.

Kuhusu saa, ushahidi mzito umetoka Nepal. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia watu 442 waliochubuka konea na kupewa na wahudumu wa vijijini mafuta ya macho ya chloramphenicol. Kati ya 284 waliotibiwa ndani ya saa 18, hakuna aliyepata kidonda. Kati ya 49 waliochelewa kwa saa 24 hadi 48, walikipata 14. Utafiti huo haukupima salamu za bakteria, na vidonda vingine huletwa na fangasi, lakini funzo la muda ni lile lile.

Nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa takriban robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Maji ya majani yasiyo safi huweza kuingiza vijidudu kwa wingi, yaani kuwapa bakteria ile idadi waliyokuwa wakiingoja.

Wanasayansi wanatafuta dawa za kunyamazisha salamu hizo, lakini kwa mkulima wa milimani hilo ni jambo la baadaye. La leo ni dogo na rahisi: mafuta ya macho yasikosekane zahanati, na mhudumu aulize jicho liliumia saa ngapi. Doa jeupe likishaonekana, mafuta hayo pekee hayatoshi, kwani chloramphenicol haimwezi Pseudomonas. Mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo, hata kama gari ni la kutafuta.