Olimpia Hana Uchawi: Nathanael Amejiroga Mwenyewe

Mwanafunzi mpendwa, unapojibu swali la lawama, chunguza kwanza iwapo mhusika unayemlaumu anaweza kutenda lolote.

Katika hadithi fupi ya Der Sandmann (1816) ya mwandishi Mjerumani E.T.A. Hoffmann, Olimpia ni mwanasesere wa mashine. Alitengenezwa na Profesa Spalanzani. Macho yake yalitoka kwa mchuuzi Coppola. Kijana Nathanael anamtazama kwa darubini aliyonunua kwa Coppola huyohuyo, anaduwaa, na kumsahau mchumba wake, Clara. Wasomaji wengi husema kwamba Olimpia amemroga. Kwa maoni yangu, sivyo.

Kwanza, katika karamu ya Spalanzani wageni wote wanamwona Olimpia akipiga piano, akiimba na kucheza dansi, lakini hawapumbazwi. Siegmund, rafiki ya Nathanael, anamwonya kwamba macho ya binti huyo hayana uhai na mwendo wake ni wa mashine. Uchawi ungekuwa wa Olimpia, ungewanasa wote.

Pili, Nathanael anaushika mkono wa Olimpia na kuuhisi baridi kama barafu. Hata hivyo, anamkazia macho hadi anauona una joto.

Tatu, Olimpia karibu kila mara hutoa mguno tu: "Ach! Ach!" Nathanael humsomea tungo zake kwa saa nyingi, naye hapigi miayo wala hapingi. Clara alipomshauri autupe utungo wake motoni, alimwita mashine isiyo na uhai. Hiki ndicho kinaya kikuu: binadamu anaitwa mashine kwa kusema ukweli; mashine inapendwa kama binadamu kwa kutokosoa.

Utasema darubini ndiyo yenye uchawi. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwishoni anaichungulia tena akiwa mnarani na Clara, anashikwa na wazimu, anajaribu kumsukuma, kisha anajirusha na kufa. Lakini darubini haikumziba masikio Siegmund alipomwonya. Aliyakataa maonyo kwa sababu alitaka msikilizaji asiyempinga.

Basi katika insha yako, wataje Spalanzani na Coppola waliotega mtego, kisha uthibitishe kwamba Nathanael aliuingia kwa miguu yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Na ukishakalamu, jiulize: yule anayekubali kila neno lako anakupenda, au hana la kukuambia?