Wastani Hauvunji Chuma

Mhadhiri wetu alichora duara ubaoni, akachora mishale ya maji ikilijia kutoka kushoto, kisha akatupa fomula ya kani ya ukinzani. Kani moja, namba moja, jibu moja. Nilipouliza kuhusu mizunguko ya maji inayotokea nyuma ya silinda, nilijibiwa kwamba hayo ni ya shahada ya pili. Sikukubaliana na jibu hilo siku ile, na leo bado silikubali.

Ndugu zangu wanafunzi, simameni darajani mto ukiwa umejaa, muitazame nguzo. Nyuma yake maji hayatulii. Mzunguko mmoja unabanduka kulia, mwingine kushoto, kwa zamu, na kila mara nguzo inasukumwa upande. Wastani wa kani hiyo ya pembeni ni sifuri, lakini kani yenyewe haipumziki. Vincenc Strouhal alichunguza mlio wa nyaya zinazokata hewa mwaka 1878, na kanuni inayobeba jina lake haimshindi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: zidisha mwendo kwa 0.2, gawanya kwa kipenyo. Waya wa milimita 10 katika upepo wa mita 5 kwa sekunde hutikiswa kama mara 100 kila sekunde. Kwa siku moja ni zaidi ya mara milioni 8. Anayehesabu wastani tu ataandika sifuri, kisha akalale.

Najua nitajibiwa kwamba bila wastani hatuwezi kujua kama nguzo itaangushwa na mafuriko. Ni kweli, na sisemi tuutupe. Lakini chuma kinaweza kustahimili mzigo mkubwa uliotulia, kikaja kuvunjwa na mzigo mdogo unaorudiarudia. Haba na haba hujaza kibaba. Ndani ya chuma, haba na haba hufungua ufa.

Tarehe 8 Desemba 1995, katika kinu cha nyuklia cha Monju nchini Japani, ala ya chuma ya kipimajoto iliyochomekwa ndani ya bomba la sodiamu ilivunjika. Sodiamu ya moto ilivuja, ikawaka. Uchunguzi ulionyesha kwamba ala ilichoshwa na mtetemo uliotokana na mtiririko wenyewe. Tena haikutikisika kulia na kushoto tu kama wengi wanavyotarajia: mtetemo ulioivunja ulifuata mkondo, mbele na nyuma, na wasanifu hawakuwa wameuzingatia. Kinu hicho hakikuwashwa tena hadi mwaka 2010. Kijiti kimoja cha chuma, jamani!

Kama wataalamu wa Japani waliweza kupitiwa, je, sisi ambao hatujaonyeshwa kabisa kwamba kani hubadilika? Hapa Uganda ndio sisi tutakaosimamisha nguzo ndani ya Mto Nile na kuvuta nyaya za umeme vilimani. Siombi kozi mpya. Naomba kwamba siku ileile duara linapochorwa ubaoni, mizunguko nayo ichorwe nyuma yake, na mwanafunzi aulizwe: kani hii inabadilika mara ngapi kwa sekunde, na kuelekea wapi?

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waheshimiwa wahadhiri, mtu asiyefundishwa ufa unatoka wapi, ataziba nini?