Kabla ya Kusema Ajali Haina Kinga: Watoto Wetu na Tyubu ya Ziwani



Wazazi watukufu, kila inapokaribia Idi au likizo ya Desemba, swali ni lile lile katika madrasa zetu za Kampala: watoto wapelekwe wapi? Jibu la wengi siku hizi ni ziwani. Familia mbili tatu huchanga pesa, wakakodi boti kule Ggaba, Munyonyo au Entebbe. Wengine huchagua ile boti pana ya sakafu bapa inayoelea juu ya mitungi mikubwa ya hewa, inayoitwa pontuni. Nyuma yake hufungwa tyubu kubwa iliyojazwa upepo, watoto wakapandishwa juu yake, na boti ikaondoka ikiwavuta huku wakipiga kelele za furaha.

Sisi hatusemi mchezo huu ni mbaya. Mtoto ana haki ya kucheza, na ziwa hili ni letu sote. Tunalosema ni kwamba wazazi wengi humkabidhi nahodha wasiyemjua roho za watoto wao, bila ya kumuuliza swali hata moja, kwa sababu ya kuona haya. Likitokea la kutokea, husikika ule msemo wetu: ajali haina kinga. Msemo huo una mahali pake, lakini mahali pake ni baada ya kinga zote kuwekwa, si kabla.

Hatujasahau jioni ya tarehe 24 Novemba 2018. Boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, haikuwa na leseni, na wengi hawakuvaa majaketi ya kujiokolea. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Ukara upande wa Tanzania, na waliokufa walizidi 220. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa, vyenye watu wazima, na nchi kavu ikionekana kwa macho. Sembuse mtoto wa miaka minane juu ya mpira wa upepo?

Hebu tuangalie mchezo wenyewe. Tyubu haina usukani wala breki. Boti ikikata kona, tyubu hurushwa nje kwa kasi inayozidi ile ya boti. Hapo ndipo watoto hugongana vichwa na kutupwa majini. Pontuni nayo ina hatari zake: ni nzito, haigeuki upesi, na nahodha huwa ametazama mbele huku viti na abiria wakimziba nyuma. Na pangaboi la injini mara nyingi liko karibu na ngazi ile ile ambayo mtoto hupandia.

Basi tunapendekeza mambo matano, na mzazi asikubali hata moja lipunguzwe.

Kwanza, jaketi. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalolingana na uzito wake, na vifungo vyote vifungwe kabla ya kuondoka ufukoni. Mnyanyue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, na asipande. Maboya ya kuchezea ya kuvaa mikononi si jaketi. Anayejua kuogelea naye avae.

Pili, mtazamaji. Awepo mtu mzima mwingine, mbali na nahodha, ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu. Asipige picha wala asishike simu. Kabla ya kuanza, akubaliane nao ishara za mkono: ya kupunguza mwendo na ya kusimama. Kelele za mtoto hazisikiki mbele ya ngurumo ya injini.

Tatu, injini. Mtoto akianguka, boti imrudie polepole, imuweke upande wa nahodha ili amuone, na injini izimwe kabisa kabla mtoto hajaisogelea ngazi. Kutoa gia peke yake hakutoshi.

Nne, mwendo na mahali. Kwa watoto wadogo, mwendo wa baiskeli unatosha, na kona zikatwe kwa upana. Wakae mbali na mitumbwi ya wavuvi, nyavu, mawe na magugu maji. Kamba iwe ya mita 15 hadi 20, ifungwe kwenye vyuma vilivyowekwa kwa kazi ya kuvuta, si kwenye reli za kushikia. Watoto wasizidi idadi iliyoandikwa kwenye tyubu, na wawe wa kimo kinachokaribiana. Aliye chini ya miaka sita, kwa maoni yetu, abaki ndani ya boti, naye akiwa na jaketi lake.

Tano, mavazi. Kanzu ndefu na mtandio wenye ncha zinazoning'inia hunywa maji vikawa vizito, na huweza kunasa kwenye kamba. Sitara haipingani na usalama. Zipo nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote, na hijabu ya kuvaa kichwani isiyo na ncha.

Wako watakaosema kila kitu ni kadari. Ni kweli. Lakini msemaji huyo huyo hufunga mlango wake kwa komeo usiku, wala haoni kuwa amepingana na kadari. Wengine watasema nahodha atakasirika. Na akasirike. Sheria ya Uganda ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka chombo kiwe na leseni, kwa hiyo kuomba kuiona si ukorofi. Polisi wa majini hawawezi kuwa katika kila ufuko kila Idi, na mtu wa mwisho wa kusema hapana ni mzazi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za madrasa na kina mama wanaopanga matembezi wayaandike mambo haya matano, wamsomee mwenye boti siku ya kukubaliana bei, si siku ya kupanda. Akikataa moja, tafuteni mwingine. Mkiyakuta hayapo siku yenyewe, basi pesa ya kukodi na ipotee, watoto wachezee mpira mchangani. Mtoto atanuna jioni moja, lakini mtarudi naye nyumbani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.