DENI LETU KWA WALIOKWENDA VITANI

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wakubwa huweka mkuki na ngao na mashada ya maua mbele ya mnara, tarumbeta ikalia, na watu wakasimama kimya. Hatuna neno juu ya heshima hiyo. Ni haki ya waliokufa. Neno letu ni juu ya tarehe 26, gwaride likisha kutawanyika, ambapo mzee aliyerudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 yumo barazani kwake, paa lavuja, na hapana ampigiaye hodi.

Wako wanachama wasemao kwamba jambo hili si letu. Waliokwenda vita vya 1914 na vya 1939, wasema, walikwenda kwa amri ya Mwingereza, na waliokwenda baadaye walikwenda kwa amri ya serikali ambazo chama chetu hakikuziunda. Hoja hii twaikataa. Mpagazi aliyetolewa visiwani humu katika Vita Kuu ya Kwanza hakuulizwa vita ni vya nani. Alivushwa bahari, akatwishwa mzigo, na wenziwe wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Sote twaijua Kariakoo ya Dar es Salaam, lakini ni wachache wakumbukao kwamba jina lile ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Apitaye kwa ngalawa Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, atayaona makaburi ya mabaharia wa manowari Pegasus, waliouawa bandarini mwetu tarehe 20 Septemba, 1914, kwa mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Makaburi yale yatunzwa, wala hatuwaonei choyo vijana wale. Je, ya wapagazi yako wapi? Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake ya zamani ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, khasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Basi twayataka matawi yetu yote, Unguja na Pemba, yafungue daftari. Yaandikwe majina ya waliokwenda wasirudi, maadamu wajukuu bado wanayataja. Waandikwe walio hai, na wajane na mayatima, wakiwamo wa askari wetu wa kulinda amani waliouawa Kongo tarehe 7 Desemba, 2017. Kisha itazamwe haja ya kila nyumba: bati, nauli ya kwendea hospitali, ada ya mtoto. Tarehe 26 Julai isomwe khitma, na Wakristo wetu wafanye ibada yao, na wazee waliorudi wapewe nafasi ya kusema, viongozi wa chama wakisikiliza.

Wala asiulizwe mtu kadi. Apelekaye pishi ya mchele akarudi na ahadi ya kura, huyo amefanya biashara, na sisi hatukumtuma.

Haya hayaiondolei serikali wajibu wake wa kuwalipa wazee hawa stahili zao, nasi hatutaacha kuidai. Lakini paa haliwezi kungoja mjadala. Daftari zifike makao makuu kabla ya mwisho wa Juni, ili mafundi waanze kazi kabla ya mvua za vuli.