Barua ya wazi kwa viongozi wa chama: mlikwenda kuona pundamilia

Waheshimiwa Mwenyekiti, Katibu na Mhazini wa chama cha kanda cha wanaanthropolojia ya kibiolojia,

Salamu kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Natumaini mlifika makwenu salama, na picha za pundamilia zimetoka vizuri.

Mimi ndiye mkalimani wenu, niliyewashika watoto miguu kwenye kibao cha urefu mkisoma namba. Ratiba ya mkutano wenu wa Mbarara ilisema siku ya mwisho basi litakuja huku kuwapa wazazi majibu. Nilitangaza nyumba kwa nyumba, kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Saa mbili asubuhi akina mama walikuwa wamekwisha keti kivulini, wengine wameacha zamu ya maji. Saa nane mchana ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: barabara ni mbovu, wajumbe wameelekea hifadhi ya wanyama ya Ziwa Mburo.

Barabara hiyohiyo mliipita kila siku mlipokuja kupima. Ilikuwa nzuri wakati huo? Na Mburo na Nakivale ni maziwa ya bonde moja, kwa hiyo sitaki kuamini kwamba mlipotea.

Kuna mzee jirani yangu ambaye hakutaka wajukuu wake waguswe. Ninyi ni wataalamu, mnajua kwa nini. Wabelgiji walipima watu wa Rwanda pua na vimo, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1954 Jean Hiernaux bado alikuwa anachapisha vipimo vya miili ya watu wa Ruanda-Urundi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, Wanyarwanda wakaanza kukimbia, na baadhi yao ndio walioanza maisha katika makazi haya. Yule mzee alikuja nao akiwa mtoto. Alipoona chuma chenu cha kubana ngozi, alifunga mlango. Nilimbembeleza siku mbili. Nikamwambia: hawa ni wengine, hawa hurudi.

Hawa hurudi. Maneno hayo niliyasema mimi, wala hamkunituma. Sasa nikienda bombani naulizwa, "Majibu iko wapi, kaka?" Nikipita sokoni, majibu. Msibani, jamani, mtu ameinama juu ya jeneza la shemeji yake, anainua kichwa: majibu. Mliwatoboa watoto vidole mpate kupima damu. Mtoto ambaye damu yake mliikuta pungufu, mama yake hajui. Mnajua ninyi, na kompyuta yenu. Mama anajua tu kwamba mimi ni mwongo.

Posho yangu ya siku mbili za mwisho sijaiona. Jina langu kwenye bango lenu la ukumbini lilikuwa "wasaidizi wa jamii". Hayo tuyaache.

Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia mlinionyesha, chenye mhuri. Barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu pia mlikuwa nayo. Kuingia kwenu kulikaguliwa vizuri. Kutoka kwenu nani alikukagua? Na si ninyi tu. Kila msimu anakuja mtu na tepi, fomu na kipande cha sabuni cha shukrani. Tumepimwa kuliko kitambaa cha fundi cherehani, na nguo yenyewe hatujaiona. Halafu viongozi walewale mnachaguana tena, mnapigiana makofi, na mada ya mwaka ujao itakuwa ushirikishwaji.

Ninachotaka ni kidogo. Kila mama apewe karatasi yenye jina la mwanawe, urefu, uzito na damu, kwa lugha anayoisoma, na aelezwe kama anapaswa kumpeleka mtoto kituo cha afya. Nataka tarehe pia, si "hivi karibuni".

Na mkija, msinitumie ujumbe wa kutangaza. Mlango wa yule mzee mnaukumbuka. Pigeni hodi wenyewe.

Aliyekuwa mkalimani wenu,
Nakivale, Isingiro