Mbwa wa Tobia



Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia alipoondoka nyumbani pamoja na malaika Rafaeli, mbwa wake aliwafuata. Na siku ya kurudi, mbwa huyo alikuwa bado pamoja nao. Kitabu hakisemi alikuwa wa ukoo gani wala alinunuliwa kwa bei gani.

Nimekumbuka habari hiyo kwa sababu ya swali linaloulizwa katika familia nyingi za Lubumbashi. Wezi wanasumbua usiku, na baba anatafuta mlinzi wa kiwanja. Je, amnunue mtoto wa Berger kwa mfugaji, kwa dola nyingi, au amchukue mtoto wa mbwa koko aliyezaliwa nyuma ya ukuta wa jirani?

Kwa maoni yangu, nyumba zetu nyingi zingefanya vema kumchukua huyo wa jirani. Sisemi hivyo kwa kumdharau mfugaji mwaminifu. Mfugaji huyo anajulikana kwa matendo yake: anakuonyesha mama wa mtoto, hamtengi mtoto na mama yake kabla ya majuma 8, anakupa karatasi ya chanjo, tena anakuuliza utamlaza wapi na utamlisha nini. Lakini anayeuza watoto wa mbwa ndani ya katoni kando ya barabara, bila mama na bila karatasi, ni mchuuzi tu. Ukinunua kwake, unamtia moyo alete wengine kesho.

Wala tusidhani kwamba hati ya ukoo ndiyo inayompa mbwa thamani. Mwaka 1937, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts huko London, walionyeshwa mbwa waliotoka katika nchi yetu ya Kongo, wasiobweka kama mbwa wengine. Waliitwa Basenji. Lisikilizeni vizuri jina hilo: ni ndugu wa neno letu «washenzi». Leo mbwa hao wana wafugaji wenye sifa na hati za ukoo katika Ulaya na Marekani. Asili yao ni mbwa wa vijijini kwetu. Watu ndio waliojifunza kuwatazama kwa jicho jingine.

Hata hivyo, kumwokota mtoto wa mbwa na kumfunga mnyororo bila chanjo si huruma. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu visa vyote vya watu hutokana na kuumwa na mbwa, na wanaoumwa mara nyingi ni watoto. Basi, mbwa apate chanjo akitimiza miezi 3, kisha arudishwe kila mara mganga wa wanyama anapoagiza. Waganga wapo: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kinachowafundisha. Na mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inatufundisha mambo mawili pamoja: tusiwatese wanyama bure, wala tusiwatumie fedha ambayo ingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Mimi naona mafundisho hayo yanakutana katika uchaguzi huu. Mtoto wa jirani hana bei kubwa. Fedha inayobaki itoshe chanjo yake, chakula chake na kibanda cha kujikinga na mvua. Na ziada iende kwa mgonjwa wa mtaani kwenu. Lakini kama hata fedha ya chanjo haipo, afadhali mngoje, msichukue mbwa yeyote.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kikundi chenu kingeweza kumwomba mganga wa wanyama afike siku hiyo katika kiwanja cha parokia, kila mmoja amlete mbwa wa nyumbani kwao. Je, nani kati yenu atakwenda kumwona padri kuhusu jambo hili?