Simu Inayobisha Hodi Safarini



Akina mama kadhaa wametutaka tuzungumze juu ya programu za simu zinazodai kumtafutia mtu mchumba palepale alipo, hususan anapokuwa safarini. Mabinti zetu husafiri. Wapo wanaopanda treni ya SGR pale Miritini kurudi vyuoni Nairobi, takriban saa tano njiani. Wapo wanaokwenda Lamu kwa basi. Na wapo walio mbali zaidi, Jeddah, Doha na Muscat, wanaofanya kazi katika nyumba za watu, ambako simu ndiyo jamaa yao wa pekee. (Suala la mwanamke kusafiri bila mahramu lina wanazuoni wake, nasi hatuliingilii, tunazungumza na familia ambazo binti amekwisha kupanda gari.) Swali la akina mama hao ni moja: je, chombo hiki kitupwe, au kina heri ndani yake?

Kabla ya kujibu yafaa tujue kilikotoka, kwani si kipya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1998, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumeshika hata simu ya mkononi, kampuni moja ya Japani iitwayo Erfolg ilitoa kidude cha kutosha kiganjani kwa jina la Lovegety. Kilikuwako cha wanaume na cha wanawake. Mwenye kidude alichagua hali moja kati ya tatu: mazungumzo tu, kwenda kuimba karaoke, au usuhuba wa karibu zaidi. Alipopita mtu wa jinsia ya pili, kiasi cha mita 5, naye amechagua hali ileile, vidude vyote viwili vililia na taa zikawaka. Viliuzwa kwa malaki. Kidude kile hakikujua jina la mtu, wala tabia yake, wala kwao. Kilijua mambo mawili tu: kwamba yupo karibu, na kwamba amebonyeza kitufe sawa na cha mwenziwe.

Tuyashike mawili hayo, maana yaliyofuata yote ni mapambo juu yake.

Miaka sita baadaye, mwaka 2004, katika maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti Nathan Eagle pamoja na Profesa Alex Pentland waliliendeleza wazo hilohilo kwa mradi walioupa jina Serendipity. Simu za wakati ule zilikuwa zimeanza kutiwa Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi, aghalabu kama mita 10. Kila simu ya namna hiyo ina nambari yake ya kipekee, nayo huinadi hewani mithili ya mchuuzi anayepita mtaani. Simu ya pili huisikia, huipeleka kwenye kompyuta kuu, na kompyuta hulinganisha maelezo ambayo watu wawili hao waliyaandika juu ya nafsi zao. Alama zikifikia kiwango walichojiwekea wenyewe, wote wawili hupata ujumbe: karibu nawe yupo mtu mnayelandana kwa jambo hili na lile. Mtumiaji aliweza hata kuamua ni jambo gani lina uzito zaidi kwake.

Bwana Eagle huyo si mgeni kabisa kwetu. Baadaye aliishi Kilifi na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na akiwa huku pwani alitengeneza njia ya wauguzi kutuma kwa ujumbe wa simu kiasi cha damu iliyobaki hospitalini, ili makao makuu yajue mapema panapopungua. Mwanzoni wauguzi walituma kwa bidii. Punde wakaacha. Kisa chake hakikuwa uvivu: kila ujumbe ulikatwa kwenye salio la muuguzi mwenyewe. Waliporudishiwa salio, na kidogo juu yake, ujumbe ukaanza kufika tena. Tumekitaja kisa hiki kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila chombo cha aina hii yapasa kiulizwe: gharama yake inakatwa kwa nani?

Katika programu za kutafutiana wachumba, gharama kubwa si ya fedha. Ni ya mahali. Ili simu imwambie kijana kwamba binti yuko kilomita kadhaa kutoka alipo, lazima binti awe ametoa habari ya alipo, saa ile, kwa kampuni iliyoko ng'ambo ya bahari. Mwaka 2013 watafiti wa usalama wa kampuni ya Include Security walichunguza programu ya Tinder, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu itoke. Kwenye kioo ilionyesha umbali kwa makadirio, lakini chini kwa chini ilipeleka tarakimu kamili. Waliona kwamba mtu mjuzi aweza kuzitumia tarakimu hizo kumpata mwenye simu kwa makosa yasiyozidi futi 100 hivi. Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyosikika. Tuseme mtu anaijua hatua iliyopo baina ya binti na Likoni. Hilo halimfai kitu, kwa kuwa duara zima linaizunguka Likoni kwa umbali huo. Akipata na umbali wa binti kutoka Nyali, maduara mawili hukutana mahali pawili. Akiongeza Changamwe, hubaki mahali pamoja, na mahali hapo ni nyumba. Wala hakuhitaji kupanda matatu kwenda huko kote: alikaa kitini, akaidanganya programu kwamba yuko Likoni, kisha Nyali, kisha Changamwe. Kosa hilo lilirekebishwa, na watafiti wakalitangaza Februari 2014. Lakini laonyesha chombo hiki kinajua nini juu ya mwanamke, na kwamba hodi ilikuwa ikibishwa mlangoni pake naye hana habari.

Hapo tuongeze jambo, tusije tukawa watu wa kutishana. Katika mwaka 2004 zilienea habari nchini Uingereza kwamba abiria wa treni wasiojuana wanatumia Bluetooth kualikana kwa machafu. Vyombo vikubwa vya habari vikazichapisha. Mwaka uliofuata mwenye kuzizua alikiri kwamba ulikuwa mzaha mtupu, hapakuwa na lolote. Wanaopenda kusambaza kila kitisho kwenye makundi ya WhatsApp ya familia wakikumbuke kisa hicho. Mashirika ya ndege nayo yaliingia mchezoni: KLM mwaka 2012 iliwawezesha abiria kutazama maelezo ya wenzao ya Facebook au LinkedIn wakati wa kuchagua kiti, na Virgin America mwaka 2013 iliruhusu abiria kumpelekea kinywaji mtu wa kiti kingine kwa kubonyeza kioo. Kwa wengi ilikuwa burudani ya safari, basi.

Tatizo la ndani zaidi ni hili: ukaribu si kufu. Wanazuoni wa fiqhi wamelizungumza suala la kufu kwa jina la kafaa, na wazee wetu hapa pwani walilitendea kazi hata pale ambapo hawakulisoma kitabuni. Kijana hakubisha hodi mwenyewe. Alimnong'oneza mama yake au shangazi, akatumwa mshenga, barua ya posa ikaja imefungwa vizuri. Upande wa mwanamke nao hawakukaa bure. Mjomba alikwenda kuuliza msikitini: huyu anaswali wapi, na Alfajiri huonekana? Shangazi aliuliza arusini na matangani, ambako watu husema kweli kwa wepesi. Waliulizwa majirani kama hugombana na mama yake. Aliulizwa mwenye duka kama hulipa madeni. Ikiwa aliwahi kuoa, alitafutwa mtu wa kule kwa mke wa kwanza, kwani hakuna ajuaye tabia ya mume zaidi ya aliyeachwa naye. Ulikuwa mtandao usiotumia waya, tena masafa yake yalifika Zanzibar na Comoro.

Ila tuseme ukweli, mtandao huo nao ulikuwa na upungufu, na upungufu wenyewe uliwaangukia wanawake. Maswali mengine yalikuwa ya kabila na ya mali zaidi kuliko ya dini. Na aliyeulizwa wa mwisho, mara nyingi kwa kutimiza desturi tu, alikuwa binti mwenyewe. Wapo akina bibi ambao kimya chao cha kuogopa kilihesabiwa kuwa ridhaa. Simu imeleta kinyume chake: binti husema wa kwanza, lakini hana wa kumuulizia. Zamani kulikuwa na waulizaji wengi na msemaji mmoja aliyenyamazishwa. Leo yupo msemaji, na waulizaji wamelala.

Hiyo ndiyo heri ya chombo na hiyo ndiyo hatari yake, na havitenganiki kwa urahisi. Binti aliyeko Riyadh, aliyetoka kwao akiwa na miaka 22 na atarudi akiwa na 27, atakutana na mposaji wapi? Shangazi hamjui yeyote kule, na mshenga hafiki. Akitokea mtu kwenye simu anayejinadi kuwa ni wa Kisauni na ana nia ya kuoa, si haki kumcheka binti kwa kumjibu. La kumhofia ni kwamba mtu huyo anaujua upweke wake, na huenda anaujua na mshahara wake. Mposaji ambaye mwezi wa pili anaomba atumiwe nauli, ada ya matibabu au mtaji wa biashara, huyo hakuja kwa posa.

Wapo Waislamu waliojaribu kukitengeneza chombo kulingana na adabu zetu. Shahzad Younas, Mwislamu wa Uingereza, alianzisha Muzmatch, iliyokuja kuwa programu ya simu mwaka 2015 na kubadilishwa jina kuwa Muzz mwaka 2022 baada ya kampuni ya Match Group kushinda kesi mahakamani juu ya jina hilo. Humo mwanamke aweza kuficha picha yake, na aweza kuchagua nakala ya mazungumzo ipelekwe kwa walii wake. Tunalipongeza. Hata hivyo, walii anayepokea nakala za ujumbe na kuzisoma akinywa chai bado hajafanya kazi ya walii. Maneno ya mposaji ndiyo sehemu anayoitunga mwenyewe. Kazi ya walii ni kuyatafuta yale ambayo mposaji hakuyaandika.

Kwa hiyo jibu letu kwa akina mama ni kwamba kisitupwe, ila kisiachiwe kikasimama mahali pa mshenga. Na yapo mambo madogo ya kufanywa kwenye simu leo hii, hata na asiyetafuta mchumba. Tazama jina la simu ya binti katika Bluetooth. Simu nyingi huonekana kwa jina la mwenyewe, na katika behewa la treni jina hilo husomwa na asiyemjua, ambaye akishuka Syokimau atamwita kana kwamba wamekua pamoja. Libadilishwe liwe la herufi chache zisizo na maana. Kipengele cha kupokea picha kutoka kwa watu walio karibu kifungwe, au kiachiwe jamaa wanaofahamika pekee. Programu yoyote iliyoruhusiwa kujua mahali, iulizwe kwa nini inataka kujua. Nyingi hazina sababu. Na anayetumia programu za wachumba aufiche umbali wake, na asikubali kukutana na mtu njiani wala kituoni kabla ya mtu wa tatu kulijua jina lake. Nchi yetu inayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na ofisi ya kamishna ya kupokea malalamiko, lakini malalamiko huja baada ya jambo kutokea.

Lililo gumu si la simu. Ni siku ambayo binti atasema, kwa sauti ya chini jikoni au kwa simu kutoka Doha, kwamba yupo mtu. Aghalabu neno la kwanza kumtoka mzazi ni: mmejuana wapi? Akiona uso wa mama umebadilika, hatalitaja jina tena, na ataendelea peke yake na maswali ambayo hawezi kuyauliza. Tungependa neno la kwanza liwe: ni mtoto wa nani, na anaswali msikiti gani? Liandikwe jina la baba yake na la mtaa. Aulizwe waziwazi kama ana mke, maana ndoa ya Kiislamu inamruhusu zaidi ya mmoja, na binti ana haki ya kulijua hilo kabla ya mahari na si baada. Kisha mjomba avae kanzu yake aende akaulize. Na binti akitaka kujua kama alikosea kulileta jina nyumbani, aambiwe kwamba alicholeta ni jina, na mjomba amekwisha kuvaa viatu.